Mamluki wa kwenye filamu na wale waliopita Mahoko

RUBAVU. Mfanyabiashara anayepakia viazi na mboga katika soko la Mahoko ili avipeleke Goma hahitaji kuelezwa mamluki ni mtu gani. Januari 29, 2025, siku mbili baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, Waromania zaidi ya 280 waliokuwa wamekodiwa kulisaidia jeshi la Kongo walivuka mpaka na kuingia Rubavu. Walikaguliwa, wakapandishwa mabasi kwenda Kigali kwa barabara hii hii inayopita Mahoko, kisha wakasafirishwa kwao kwa ndege.

Sinema ilishawaonyesha watu wa aina hiyo zamani. The Wild Geese, filamu ya Uingereza na Uswisi iliyotoka mwaka 1978, inahusu mamluki waliokodiwa na tajiri wa London kwenda kumwokoa Rais Limbani, kiongozi wa Kiafrika aliyepinduliwa. Wakiwa kazini, tajiri huyo anaelewana na watawala wapya kuhusu madini. Ndege iliyokuja kuwachukua inawaacha porini.

Richard Burton, Roger Moore na Richard Harris waliigiza humo, na Limbani akaigizwa na Winston Ntshona wa Afrika Kusini. Mshauri wa mambo ya kijeshi alikuwa Mike Hoare, ambaye mwenyewe aliongoza mamluki Kongo mwaka 1964 na 1965.

Mtazamaji huwahurumia mashujaa walioachwa na ndege. Wanakijiji ambao vita vimepita mlangoni kwao hawapewi nafasi kubwa.

Historia ya ukanda huu inawapa nafasi hiyo. Agosti 1967, mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme waliiteka Bukavu. Waliposhindwa mwezi Novemba, walivuka Mto Ruzizi na kuingia Cyangugu. Kongo ilitaka wakabidhiwe, Rais Kayibanda akakataa, na Januari 1968 Kongo ikavunja uhusiano na Rwanda. Miezi michache baadaye mamluki hao walirudishwa Ulaya kwa ndege. Ugomvi wa serikali mbili ukabaki kwa majirani wa mpakani.

Nchi za Afrika zilipitisha mkataba wa kupiga marufuku umamluki mjini Libreville mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya filamu hiyo kutoka. Hata hivyo, karibu nusu karne baadaye, mabasi yalipita Mahoko.

Kwa mfanyabiashara, hesabu yake ni nyepesi kuielewa. Aliyekodiwa kupigana ana mkataba, na mambo yakiharibika ana ndege ya kumrudisha kwao. Mama aliyemkopesha mteja wa Goma magunia ya viazi hana mkataba wala ndege. Benki za Goma zilipofunga milango mwezi huo wa Januari, deni lake lilibaki ng'ambo, naye akabaki upande huu akisubiri.