Ngoma ya Harusi, Inkwano na Ridhaa Mbele ya Altare



Misa ya ndoa inapokwisha katika parokia za Kibondo na Kasulu, watu huhamia nyumbani. Ngoma hulia, akina mama hupiga vigelegele, na wanawake huimba wakimzunguka umugeni, yaani bibi harusi. Mseminari aliyetumwa huko kwa uchungaji huenda akajiuliza: je, Kanisa lina nafasi kwa haya?

Kwa Waha, ndoa huunganisha koo mbili. Mshenga hutumwa, wazee huketi pamoja, na inkwano, yaani mahari, hupangwa. Zamani yalitolewa majembe na ng'ombe. Siku hizi fedha zimechukua sehemu kubwa. Inkwano si bei ya binti. Ni shukrani kwa waliomlea, na ni ushahidi kwamba haibwi wala hatoroshwi. Ngoma hukamilisha ushahidi huo: anayecheza hadharani amekiri kwamba anaitambua ndoa hii.

Mataifa mengine nayo yana desturi za namna hiyo. Huko Romania wageni hushikana mikono na kucheza duara pamoja na bibi harusi. Sherehe ikikaribia kwisha, msimamizi wake wa kike humvua shela na kumfunga kitambaa kichwani, ishara kwamba sasa ni mke wa mtu. Tena katika Kanisa la Kiorthodoksi, padre huwaongoza maarusi kuzunguka meza mara tatu huku wimbo ukiimbwa.

Kanisa letu halipingi. Mtaguso wa Trento ulitaka desturi njema za ndoa za kila mahali zitunzwe, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirudia hilo mwaka 1963 katika hati ya Liturujia, namba 77.

Shida huanza desturi inapogeuka kizuizi. Kijana asiyeweza kumaliza inkwano, wala kugharimia sherehe kubwa, humchukua mwenzake kimyakimya. Watoto huzaliwa, na miaka hupita wazazi wakibaki kwenye benchi wenzao wanapokwenda kukomunika. Hapo tukumbuke kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili (Kanuni 1057), inayotolewa mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili (Kanuni 1108). Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, haibatilishi ndoa kwa sababu ya mahari kutotolewa.

Basi, paroko na viongozi wa Jumuiya Ndogondogo wakae na wazee mapema. Wazee wanaweza kupokea sehemu, kingine kikafuata baadaye. Na ngoma haihitaji ukumbi wa kukodi, uwanja wa nyumbani watosha. Kule Kana divai iliwaishia watu katikati ya sherehe, lakini ndoa haikuvunjika, kwa kuwa Yesu na Mama yake walikuwa wamealikwa.