Je, Wajua? Bei ya Chumba Ina Wenyewe Wengi

Je, wajua kwamba chumba kilichotangazwa kwa shilingi 5,000 kinaweza kukutoa shilingi 6,400, na kila nyongeza ikawa na jina lake halali? Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 ni 800. Tozo ya utalii ya asilimia 2 ni 100. Ada ya huduma ya asilimia 10 ni 500. Kwa hiyo mkaazi wa Kibera anayemtafutia mgeni chumba kando ya Ngong Road, au chama cha akina mama wa Kawangware kinachochangia safari ya Mombasa ya Desemba, kianze na swali moja: hiyo bei ni pamoja na kila kitu?

Je, wajua kwamba hoteli ya jirani inaweza kuandika 5,000 hiyohiyo, lakini VAT na tozo ya utalii zikiwa zimo ndani, bila ada ya huduma? Chukua 5,000 ugawe kwa 1.18. Hoteli inabaki na kama 4,237, VAT ni 678, na tozo ya utalii, inayokwenda Mfuko wa Utalii, ni 85. Kwenye simu vyumba hivi viwili vina bei moja. Wakati wa kulipa, kimoja kimezidi kingine kwa 1,400. Hiyo ni nauli ya matatu ya siku nyingi kutoka Kawangware hadi mjini na kurudi.

Je, wajua kwamba lojingi ndogo ya mtaani mara nyingi haina ruhusa ya kukutoza VAT? Sheria inamlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Piga hesabu ya lojingi ya vyumba 10, kila kimoja 800, vimejaa kila usiku mwaka mzima: ni shilingi 2,920,000. Mwenyewe anaweza kujisajili kwa hiari, lakini kama hajajisajili, hiyo asilimia 16 hana pa kuipeleka. Akikuongezea, muulize cheti chake cha VAT.

Biashara ya aina hiyo, yenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 na isiyosajiliwa kwa VAT, kwa kawaida huingia kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3. Hiyo humhusu mwenye lojingi na mamlaka ya kodi, KRA. Haifai kutokea kwenye bili yako kama mstari wa ziada.

Je, wajua ile ada ya huduma ni ya nani? Hapa naomba tukae kidogo. Kila alfajiri watu hutoka Gatwekera, Laini Saba na Makina, wengine kwa miguu, na wengine hupanda matatu Kawangware, kwenda kutandika vitanda, kuosha vyombo na kubeba sinia katika hoteli za Kilimani, Lavington na Westlands. Sheria ya VAT ya 2013 inawatambua: ada ya huduma inayotozwa badala ya bakshishi haitozwi VAT, mradi isizidi asilimia 10 ya bei na igawiwe wafanyakazi moja kwa moja. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja. Mwajiri akiibana ada hiyo mfukoni mwake, msamaha huo wa kodi haumhusu, kwani hayo ni mapato yake kama mapato mengine. Kwa hiyo ukiiona asilimia 10 kwenye bili, una sababu nzuri ya kumuuliza mhudumu, kwa upole na bila kumweka mashakani mbele ya bosi, kama inamfikia. Wafanyakazi wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA, na ada ya huduma ni jambo halali la kukiuliza chama. Mimi naamini pesa hiyo ni jasho lao, na mgeni aliyeilipa ana haki ya kujua ilikokwenda.

Je, wajua kwamba tozo ya utalii ya asilimia 2 haihusu vitanda tu? Migahawa pia huilipa. Leo inasimamiwa na Mfuko wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, lakini wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 50. Pesa hizo ndizo zilizosaidia kukiendesha Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1975 kule Ruaraka, ambako wapishi na wahudumu wengi wa nchi hii walifundishwa kazi.

Je, wajua kwamba mwaka 2020, wakati wa korona, VAT ilishuka hadi asilimia 14? Ilianza Aprili mosi, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021.

Je, wajua mtego mkubwa kwenye mabango ya likizo ya Pwani yanayozunguka WhatsApp? Ni maneno madogo yanayosema bei ni ya kila mtu, wawili wakilala chumba kimoja. Bango likisema 8,500 kwa usiku, mume na mke watalipa 17,000. Na anayesafiri peke yake asidhani atalipa 8,500, maana hoteli nyingi humwongezea kwa sababu anashika chumba cha wawili. Chama chenye wanachama wa idadi isiyogawanyika kwa mbili kijue mapema nani atalala peke yake na nani atailipa hiyo nyongeza. Migogoro mingi ya safari huanzia hapo, si barabarani. Uliza pia bei ya watoto, kwa sababu kila hoteli ina umri wake wa kumhesabu mtoto kuwa mtu mzima.

Mpango wa "half board" ni kifungua kinywa na chakula cha jioni. Chamcha ni juu yako. Vinywaji pia, hata maji ya chupa mezani, isipokuwa hoteli imesema vinginevyo.

Je, wajua kwamba tovuti unayotumia kubuku chumba hulipwa na hoteli? Kamisheni ya Booking.com mara nyingi huwa karibu asilimia 15. Kwa chumba cha 5,000 hiyo ni 750. Ndiyo maana simu moja kwa hoteli yenyewe huweza kukupa bei nafuu, au kifungua kinywa cha bure. Piga kabla ya kubonyeza.

Airbnb ilizoea kuigawa ada yake: asilimia 3 kwa wenye nyumba wengi, na kwa mgeni kiasi ambacho mara nyingi hakikuzidi asilimia 14.2. Tangu Aprili 2025 huonyesha jumla tangu mwanzo, pamoja na ada ya usafi, lakini ushuru bado huweza kuja mwishoni.

Yale maandishi mekundu ya "kimebaki chumba 1" kwenye Booking.com huhusu vyumba vilivyotengewa tovuti hiyo tu. Hoteli inaweza kuwa na vingine tele. Tume ya Ulaya iliibana Booking.com kuhusu mbinu za aina hiyo, na Desemba 2019 kampuni ikakubali kuzirekebisha.

Je, wajua kwamba bei ya dola hupanda na kushuka bila hoteli kuigusa? Januari 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160, na chumba cha dola 50 kiligharimu 8,000. Kufikia mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa karibu 129, na chumba kilekile kikawa 6,450. Hoteli nyingi za Kenya zina bei ya wakaazi kwa shilingi, lakini tovuti huenda ikakuonyesha ile ya wageni wa nje. Taja kwamba wewe ni Mkenya, na ubebe kitambulisho.

Nawe kijana unayepokea wageni wa nje na kuwatembeza Kibera, watakuuliza kuhusu Maasai Mara. Waambie bei ya kambi mara nyingi haina kiingilio ndani yake. Tangu 2024 Kaunti ya Narok humtoza mtu mzima asiye mkaazi dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba.

Ukivuka mpaka? Tanzania Bara na Uganda VAT ya kawaida ni asilimia 18. Dubai, wanakokwenda kazi vijana wetu wengi, tangu 2014 kila chumba hulipiwa dirhamu 7 hadi 20 kwa usiku kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi hulipwa kwenye kaunta hata kama ulishalipa mtandaoni. Amsterdam ilipandisha kodi yake ya wageni hadi asilimia 12.5 mwaka 2024. Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, hairuhusu hoteli kutangaza bei iliyofichiwa ada za lazima.

Je, wajua kwamba kulipa kwa till ya Lipa na M-Pesa hakumkati mteja ada, na jina la biashara huonekana kabla ya malipo kukamilika? Anayekuomba amana ya chumba kwa namba ya mtu binafsi, usimtumie hadi uhakikishe na hoteli kwa simu.

Ukishalipa, dai risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Ina alama ya QR, na ukiiskani kwa simu utaona kama KRA inaitambua.

Na je, wajua kwamba sheria iko upande wako? Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza mtoa huduma kukutoza ada ambayo hukujulishwa kabla ya huduma, na kinakupa haki ya kuelezwa ada zote, ziitwe jina lolote. Kwa hiyo omba jumla kwa maandishi, kwa shilingi, kabla ya kutuma hata senti. Ukifika kaunta ukakuta ada mpya, waonyeshe ujumbe wao wenyewe. Wakikaidi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.