Tepu Ikivunjika Ndani ya Chuma, Nani Alipe?



Katika karakana za Arua na Koboko, ambako mashine za kusaga muhogo na malori yaendayo Kongo na Sudan Kusini hutengenezwa, ipo kazi moja inayogombanisha mafundi na waajiri. Nayo ni kutoboa tundu katika bamba nene la chuma bila kulitokeza upande wa pili, kisha kulikata hesi, yaani yale meno ya mzunguko yanayoshika bolti. Chombo cha kukatia hesi ni tepu. Tepu huvunjikia ndani, bamba huharibika, na fundi huambiwa alipe. Tunataka kila mwanachama, hata asiye fundi, aelewe kazi hii ili ajue kosa liko wapi.

Kwa nini tundu lisitokezwe? Kwa sababu bamba la msingi wa mashine hukaa juu ya saruji, na chini hakuna nafasi ya nati. Mahali pengine nyuma ya chuma kuna mafuta, na tundu likitokeza yatavuja.

Tuchukue mfano wa bamba la unene wa milimita 40 na bolti ya milimita 12, ambayo toka jino hadi jino ni milimita 1.75.

Kwanza, ukubwa wa tundu. Toa 1.75 katika 12, unapata 10.25. Basi biti inayofaa ni ya 10.2. Fundi akipewa biti ya 9.5 kwa kuwa ndiyo iliyopo, tepu italazimika kula chuma kupita kiasi.

Pili, kina. Katika chuma, hesi yenye kina sawa na unene wa bolti kwa kawaida hutosha. Tukitaka uhakika zaidi tunakata milimita 18. Lakini tundu lenyewe lazima lizidi hapo, maana ncha ya tepu haikati meno kamili. Tunatoboa kama milimita 27, bila kuhesabu ile ncha ya biti, na chini bado kunabaki chuma cha kutosha.

Tatu, tepu zenyewe. Seti kamili ya mkono ina tepu tatu. Ya kwanza imechongoka ili ianze kazi polepole, ya pili inaongeza, ya tatu inamaliza hesi karibu na kitako cha tundu. Mwenye ile ya kwanza peke yake hufika chini, hesi haijakamilika, naye hulazimisha. Hapo ndipo inapokatika.

Nne, chembe za chuma. Katika tundu linalotokeza huanguka chini. Hapa hazina pa kwenda. Zungusha tepu mzunguko mmoja, rudisha nusu, itoe mara kwa mara, na usafishe kwa sumaku au waya. Usipulize: chembe zitarudi machoni.

Tano, tepu isimame wima, ipimwe kwa skwea, na itiwe mafuta safi. Mafuta machafu ya injini hudhuru ngozi. Kabla ya kufunga bolti, kausha tundu, kwani mafuta yaliyojaa chini hayabanwi, na yanaweza kupasua chuma.

Kwenye drili bamba lifungwe imara, miwani ivaliwe, na glavu zivuliwe. Biti inayozunguka ikikamata glavu, huvuta na mkono.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga. Basi jicho la fundi lisinunuliwe kwa bei ya miwani.

Na tepu inapovunjika, kabla mshahara haujaguswa, wajumbe wetu waulize maswali manne. Fundi alipewa biti ya kipimo sahihi? Alipewa tepu zote tatu, zenye makali? Alipewa mafuta ya kukatia? Alipewa muda wa kutoa tepu na kusafisha, au alikuwa akihimizwa lori liondoke?

Jibu likiwa hapana hata mara moja, tepu hiyo haikuvunjwa na mkono wa fundi peke yake. Andikeni majibu hayo, myalete tawini, nasi tutakwenda pamoja kwa mwajiri.