Kujifungua nyumbani: jamaa wawe karibu, na msaada usiwe mbali

Alfajiri moja gari la kubeba maziwa lilisimama mbele ya hospitali niliyokuwa nikifanya kazi katika eneo la Garissa. Nyuma ya gari hilo alilazwa mama aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa tano jioni iliyotangulia. Alikuwa amefunikwa leso tatu, zote zimelowa damu. Mtoto alikuwa mzima, akilia kwa nguvu mikononi mwa nyanya yake. Kondo la nyuma ndilo lililokataa kutoka.

Nilipouliza, niliambiwa kwamba wakati wa kujifungua mama huyo alikuwa amezungukwa na watu wake: mama mkwe, dada zake wawili, na mkunga wa kienyeji aliyemzalisha watoto wanne wa kwanza. Walimshika mgongo, wakamwombea dua, wakampa chai ya maziwa. Hakuna aliyemfokea wala kumdharau. Lakini damu ilipozidi, hakuna hata mmoja kati ya wanawake hao aliyekuwa na idhini ya kukodi gari. Mume alikuwa malishoni na ngamia, simu yake haikupatikana, na shemeji akasema angojwe. Waliongoja saa sita.

Mama huyo alipona, kwa sababu ndugu zake wawili walitoa damu saa ile ile. Wapo wengine niliowapokea katika hali kama hiyo ambao hawakupona. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: uzuri wa kujifungua miongoni mwa jamaa, na hatari yake.

Kwa nini akina mama hubaki nyumbani

Sisi madaktari tumezoea kusema kwamba anayejifungua nyumbani ni mjinga. Si kweli. Akina mama wa Garissa, Wajir na Mandera wana sababu zao, na tusipozisikiliza hatutawasaidia.

Ya kwanza ni umbali. Mtu anayeishi ndani ya Fafi, Balambala au Hulugho huenda akasafiri nusu siku kabla ya kuona taa ya hospitali. Mvua ikinyesha barabara hukatika. Novemba 2023 mafuriko ya Mto Tana yalifunika hata barabara kuu ya kutoka Garissa kwenda Nairobi. Ya pili ni usalama na upungufu wa wauguzi. Baada ya mashambulizi ya Mandera mwaka 2014 na yale ya Garissa mwaka 2015, wafanyakazi wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka.

Ya tatu ni haya na heshima. Mama wengi hawataki kuzalishwa na mwanamume wasiyemjua, na wana haki ya kusema hivyo. Ya nne ni hofu ya upasuaji. Mama aliyepasuliwa mara moja huambiwa na majirani kwamba hatazaa tena watoto wengi. Ya tano, ambayo huenda ndiyo kubwa, ni upweke. Nyumbani anashikwa mkono na mama yake. Hospitalini, mara nyingi mama mkwe huzuiliwa langoni na mja mzito huingia peke yake, akalazwa chali, akaambiwa anyamaze.

Hatari iko wapi

Uzazi mwingi huenda salama, na ndiyo maana nyumba nyingi huamini kwamba hakuna haja ya hospitali. Taabu ni kwamba hakuna awezaye kujua mapema ni nani atakayepatwa na matatizo. Hata mama aliyezaa mara sita bila shida huweza kutokwa na damu nyingi mara ya saba. Kwa hakika, tumbo la uzazi lililobeba mimba nyingi hulegea kwa urahisi zaidi.

Mtoto akishatoka, tumbo la uzazi hutakiwa kujikaza kama ngumi ili kuifunga mishipa ya damu. Lisipokaza, au kipande cha kondo kikibaki ndani, mama huweza kuishiwa na damu kwa muda wa saa mbili tu. Dawa ya kulikaza ipo. Ni sindano ya oksitosini, ambayo kila mama anapaswa kudungwa mara tu mtoto anapotoka. Lakini sindano hiyo huhitaji kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na katika joto la Garissa haiwezi kuwekwa mfukoni mwa mkunga. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba damu ikipimwa mapema na tiba zote zikitolewa kwa pamoja, visa vya kutokwa na damu kupita kiasi hupungua kwa asilimia 60. Kwa hivyo mama wengi wanaofariki kwa tatizo hili wangeweza kuokolewa.

Hatari nyingine ni kifafa cha mimba, kinachotokana na shinikizo la damu kupanda, na uchungu unaokawia kwa sababu mtoto hana njia. Katika sehemu yetu kuna jambo la ziada. Zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wamekeketwa, na wengi walishonwa. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, ambao Kenya ilishiriki, uligundua kwamba waliokeketwa hutokwa na damu zaidi na hufanyiwa upasuaji mara nyingi zaidi wanapojifungua. Kovu hilo linahitaji kufunguliwa na mtu aliyefunzwa, si kwa wembe gizani. Na binti anayezaliwa leo asipitie hayo. Sheria ya 2011 imeyapiga marufuku.

Hesabu zinasema nini

Nchini kote, akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 43 katika uchunguzi wa 2008 na 2009, wakafika 61 mwaka 2014 na 82 mwaka 2022. Kuondolewa kwa malipo ya uzazi katika hospitali za umma Juni 2013 kulisaidia. Kaskazini Mashariki imesonga mbele pia, lakini bado iko nyuma ya wengine. Takwimu za sensa ya 2019 zilionyesha kwamba nchini Kenya akina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Katika Garissa walikuwa 641.

Jamaa wafanye nini mapema

Kikao cha jamaa kifanywe mimba ikiwa na miezi saba, si usiku wa uchungu. Kiamue haya:

Kwanza, idhini. Mume akiwa malishoni au safarini, atamke mbele ya watu kwamba mama yake au mkewe mwenyewe anaweza kuamua kwenda hospitali bila kumngoja. Mama mtu mzima mwenye fahamu zake ana haki ya kutia sahihi ya matibabu yake mwenyewe.

Pili, gari. Andikeni nambari za simu za watu wawili wenye magari na mkubaliane bei kabla. Ulizeni pia nambari ya ambulensi ya kaunti.

Tatu, damu. Tafuteni jamaa wawili au watatu wenye afya walio tayari kutoa damu.

Nne, malipo. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF. Mja mzito ajiandikishe mapema, wala asingoje siku ya kujifungua ndipo atafute kitambulisho.

Tano, mahali pa kukaa. Anayeishi mbali ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake. Aliyewahi kupasuliwa, anayebeba pacha, mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kutokwa na damu nyingi asijaribu kabisa kujifungulia nyumbani.

Mkunga wa kienyeji asifukuzwe. Anajulikana na anaaminiwa. Yeye ndiye afaaye kumsindikiza mama hadi kituoni na kukaa naye huko.

Uchungu ukiwakuta nyumbani

Pengine mtoto hatangoja gari. Basi oshweni mikono kwa sabuni, tandikeni kitambaa safi, na mumwache mama akae atakavyo: achuchumae, apige magoti au alale ubavu. Msimkandamize tumbo ili kumsukuma mtoto. Mtoto akitoka, mkausheni mara moja na mumlaze kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha muwafunike wote wawili. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya tu, kifungwe kwa uzi safi, na kisipakwe majivu, samadi wala mafuta. Kama hamna wembe mpya, msikikate. Mpelekeni mtoto na kondo lake pamoja.

Mtoto anyonye ndani ya saa moja. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, ndiyo kinga yake. Maziwa ya ngamia, samli na maji ya sukari yangoje miezi sita. Kumwogesha pia kungoje siku moja.

Msivute kitovu ili kutoa kondo. Mama akojoe, mtoto anyonye. Nusu saa ikipita bila kondo kutoka, iteni gari. Kondo likishatoka, kandeni tumbo chini ya kitovu cha mama mpaka lihisike gumu.

Safari ianze mara moja mkiona haya: leso inalowa damu kwa dakika chache, uchungu umepita saa 12, mama ana kifafa, kichwa kinamuuma vikali na macho yanaona ukungu, ana homa kali, maji ya chupa yametoka yakiwa na rangi ya kijani, au mkono, mguu au kitovu kimetangulia. Njiani mlazeni ubavu, mfunikeni, na mwendelee kukanda tumbo ikiwa kondo limetoka.

Na sisi wa hospitali

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mama awe na mtu amtakaye kando yake wakati wote wa kujifungua, na achague mkao anaoupenda. Si anasa, mama mwenye mtu wa kumtuliza huhitaji upasuaji mara chache zaidi. Pazia, muuguzi wa kike pale awezekanapo, na kiti kimoja cha mama mkwe havigharimu fedha nyingi. Tukivikosa, tusishangae vitanda vyetu vikibaki vitupu huku akina mama wakijifungulia kijijini.

Yule mama wa gari la maziwa alijifungua tena miaka mitatu baadaye. Alifika mapema, akiwa na mama mkwe, dada mmoja na chupa ya chai. Wote wawili waliingia naye chumbani. Kondo lilitoka baada ya dakika kumi, na siku ya arobaini nililetewa nyama ya mbuzi.