Tangi la pikipiki linavuja? Tafuta chanzo kabla ya kukimbilia kuchomelea

Kwa mkulima na mchuuzi wa kijijini, pikipiki ndiyo inayofikisha nyanya gulioni, maziwa kwenye kituo cha kukusanyia na mbolea shambani. Tangi lake linapovuja, hasara huanza kidogokidogo bila mwenyewe kuistukia. Weka kikombe chini ya tone kwa saa moja. Ukikuta mililita 50 tu, hizo ni lita 1.2 kwa usiku na mchana, sawa na lita 36 kwa mwezi, bila kuhesabu yaliyogeuka mvuke.

Hata hivyo, fedha siyo hasara kubwa zaidi. Pikipiki nyingi hulazwa ndani kwa kuhofia wezi, mara nyingine chumba kimoja na koroboi au jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Pikipiki inayonuka petroli ilale nje, mbali na moto, hadi itengenezwe.

Siyo kila tone hutoka kwenye tangi

Wengi huona chini pamelowa wakaamua kuwa tangi limetoboka, kumbe sivyo. Petroli hufuata kingo za tangi na fremu, ikadondokea mbali na mahali ilipotokea. Njia rahisi ya kubaini ni hii: zima injini na uiache ipoe, kausha kila sehemu kwa kitambaa, kisha paka chaki ya shule kuzunguka koki, maungio ya mpira na mshono wa chini wa tangi. Baada ya nusu saa, tafuta sehemu ya juu kabisa ambapo chaki imelowa. Hapo ndipo penye tatizo.

Mpira wa mafuta ukiwa umekakamaa au una nyufa, nunua mpya unaostahimili petroli na uufunge kwa klipu kila upande. Mpira wa kawaida wa maji hulainika na kuvuja tena.

Koki ikivuja pale inapoungana na tangi, mara nyingi washa yake imechoka. Mwaga petroli yote kwenye dumu lenye mfuniko, fungua koki, badilisha washa, kisha kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja sana, koki hukaa mshazari na kuendelea kuvuja.

Petroli ikitoka kwenye kimpira cha chini ya kabureta, tangi halina kosa. Boya la kabureta au sindano yake imekwama, pengine kwa uchafu. Funga koki kila unapoegesha, kisha kabureta isafishwe. Angalia pia oili: ikiwa imeongezeka na inanuka petroli, usiwashe injini kabla ya kuibadilisha, kwani oili iliyochanganyika na petroli hailainishi vyuma ipasavyo.

Mfuniko ukivuja tangi linapojaa, badilisha mpira wake. Usizibe tundu dogo la hewa, maana mafuta yatashindwa kushuka na pikipiki itazima njiani.

Tangi likiwa limetoboka kweli

Chanzo kikubwa ni kutu inayoanzia ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini kabisa na kula bati taratibu. Ndiyo maana matundu mengi huonekana chini, karibu na mshono.

Ukiwa njiani, sugua sabuni kavu ya mche kwenye kitundu mpaka kizibe. Petroli haiyeyushi sabuni upesi, lakini maji huiondoa, kwa hiyo hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu.

Nyumbani, fanya kazi nje, penye upepo, bila sigara wala moto. Chomoa waya wa hasi wa betri, mwaga petroli yote, ondoa tangi na uliache wazi likauke. Kwangua rangi kwa msasa wa mkono hadi bati ling'ae, upana wa vidole viwili kuzunguka tundu. Futa kwa tina na uache pakauke. Changanya gundi ya chuma ya tyubu mbili, ile ambayo pakiti yake inasema inastahimili petroli, kwa vipimo ilivyoandikwa. Paka, bandika kipande cha kitambaa cha nyuzi za kioo, kisha paka tena juu yake. Subiri saa 24 kabla ya kujaza. Silikoni ya kawaida haifai. Petroli huivimbisha ikabanduka.

Usichomelee mwenyewe

Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Ndani yake hubaki mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche moja. Kuliacha juani siku moja hakutoshi. Fundi makini huliosha mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni, kisha hulijaza maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea. Fundi akitaka kuwasha moto bila kufanya hivyo, chukua tangi lako uondoke.

Ukibonyeza bati kwa kidole gumba likabonyea, au ukakuta matundu matatu, manne, usipoteze fedha kwa viraka. Tafuta tangi jingine zima.

Kinga ni nafuu zaidi. Chuja petroli ya chupa kabla ya kuimimina, funika mfuniko mvua inaponyesha, na ukiiegesha pikipiki kwa wiki kadhaa msimu wa kulima, jaza tangi ili unyevu usipate nafasi. Kila baada ya miezi michache, fungua koki umwage kidogo kwenye chupa angavu. Ukiona maji chini au chembe za kahawia, kutu imeshaanza. Safisha tangi sasa, kabla halijatoboka siku ya gulio.