Ajuaye Lugha Mbili Ana Hoja Dhaifu Zaidi

Mwaka 1975, mjini Brownsville, Texas, mpakani na Mexico, mfanyakazi wa duka la mbao aliulizwa na mwenzake kama bidhaa aliyoitaka mteja ipo. Akajibu kwa Kihispania kwamba haipo. Mmoja wa wakubwa akasikia, na kijana akafukuzwa kazi. Naye aliajiriwa kwa sababu alikuwa anajua Kihispania: kwa mteja akitumie, kwa mwenzake akimeze.

Kesi yake, Garcia dhidi ya Gloor, ilifika mahakama ya rufaa, na mwaka 1980 akashindwa. Majaji walisema kwamba anayekijua Kiingereza vizuri kisha asikitumie amechagua mwenyewe kuvunja amri, hivyo hakubaguliwa. Matokeo yake ni ya ajabu: asiyejua Kiingereza kabisa ana hoja nzito kuliko ajuaye vyote viwili. Sidhani majaji hao waliwahi kuwasikiliza Wakongo wawili wakipiga soga kazini, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza vikipokezana ndani ya sentensi moja bila msemaji kupanga lolote. Hapo uchaguzi uko wapi?

Mwaka huohuo Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya Marekani ilitoa mwongozo wa mwelekeo tofauti. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Kwa mujibu wa mwongozo, amri ya kusema Kiingereza tu saa zote, hata mezani wakati wa chakula, huchukuliwa kuwa ni ubaguzi. Amri ya nyakati maalumu inakubalika iwapo kazi yenyewe inaidai, kwa mfano katika dharura au mbele ya mteja ajuaye Kiingereza tu. Hata hiyo, wafanyakazi sharti waambiwe mapema inatumika lini na adhabu yake ni nini.

Tatizo ni kwamba mwongozo hauwafungi majaji. Mwaka 1993, katika kesi ya kiwanda cha nyama cha Spun Steak huko California, mahakama nyingine ya rufaa iliukataa waziwazi, ikirudia kwamba mwenye lugha mbili anaweza kutii bila kuumia. Lakini mwaka 2000, huko Texas, wahudumu wa simu waliokuwa wameajiriwa kwa ajili ya Kihispania chao, kisha wakakatazwa kukisema baina yao hata wakati wa mapumziko, walishinda zaidi ya dola 700,000.

Kwa hiyo Mswahili aliye huko, awe hotelini, kiwandani au kwenye nyumba ya wazee, asitegemee kusema tu kwamba Kiswahili ni lugha yake. Aulize amri inaanza na kuishia wapi, na aombe apewe kwa maandishi. Aangalie pia nani anaadhibiwa: kama wenye Kipolandi wanaachwa na wenye Kiswahili wanakaripiwa, huo ni ushahidi wenye uzito kuliko amri yenyewe. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ndani ya siku 180 tangu kosa litendeke, au 300 katika majimbo mengi yenye chombo chake cha kushughulikia ubaguzi.