Kasa mmoja, majina matatu: jaribu maktaba zako kabla ya kubadili herufi

Chukua neno ng'amba. Wavuvi wa Msimbati wanamjua: ni yule kasa ambaye gamba lake lilimponza, na kimataifa amewekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Juzijuzi nilikuwa naunganisha lahajedwali za kasa wa pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma. Kasa wa kijani walijumlishwa vizuri tu. Ng'amba wakatoka spishi tatu: ng'amba, ng’amba na ng*amba. Hebu angalia hizo alama za katikati.

Kiswahili kina bahati, maana herufi zake zote zimo ndani ya ASCII, ule usimbaji wa zamani wenye nafasi 128 tu. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani shida ya herufi ni ya Wachina na Waarabu. Shida yetu sisi ni ritifaa. Ukigonga ritifaa kwenye kibodi unapata iliyonyooka, ambayo katika Unicode ni namba 0027. Word hukupindishia yenyewe bila kukuuliza, ikawa namba 2019. Kwa macho yako ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo ni kasa wawili tofauti. (Ukituma hiyo iliyopinda kwenye SMS, ujumbe wako unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Sasa unajua salio lilikwenda wapi.)

Na ile nyota? Hiyo imetoka kwenye maktaba. Programu nyingi hazibadili usimbaji zenyewe. Huiomba maktaba ya mfumo ifanye, kupitia kazi iitwayo iconv. Kanuni ya POSIX inasema kazi hiyo iwepo, lakini herufi isiyo na nafasi upande wa pili ifanyweje, kila mtengenezaji ana lake.

Nilichukua maneno mawili, ng’amba yenye ritifaa iliyopinda na João, maana ng'ambo ya Ruvuma majina ya Kireno ni ya kawaida. Nikayapeleka kutoka UTF-8 kwenda ASCII. Maktaba ya glibc, inayotumika Ubuntu na Debian, iligoma na kutoa kosa. Maktaba ya musl, inayotumika Alpine Linux, haikugoma: iliweka nyota, ikarudisha idadi ya herufi ilizobadilisha, idadi ambayo programu yangu haikuisoma. Kosa langu hilo, si la musl.

Basi nikaongeza //TRANSLIT, yaani "tafuta herufi inayofanana". Kwenye glibc, ng’amba akarudi na ritifaa iliyonyooka, safi. Lakini João akawa Joao kwenye kompyuta yangu na Jo?o kwenye seva, maktaba ikiwa ileile! Seva ilikuwa imewekwa lugha ya "C", na glibc huangalia mpangilio wa lugha kabla ya kuamua. GNU libiconv ikatoa Jo~ao. Musl ikakataa hata kuanza, kwa kuwa neno TRANSLIT hailijui.

Ila bora hao wanaogoma. Kinachoogopesha ni makosa yanayopita kimya. Faili la Windows-1252 huhifadhi ritifaa iliyopinda kwa baiti 92 (heksadesimali). Ukiiambia maktaba kwamba faili hilo ni ISO-8859-1, haitalalamika, kwa sababu kwenye usimbaji huo kila baiti ina nafasi yake. Utapata alama ya udhibiti isiyoonekana, na kasa wako anaitwa ngamba. Halafu ukifanya lile jaribio tunalolipenda, la kubadili kwenda na kurudi kisha kulinganisha baiti, litafaulu asilimia mia. Umerudi ulikotoka, lakini katikati ulikuwa umepotea.

Kwa hiyo usijaribu kwa "hello". Jaribu kwa maneno ya data yako: ng'amba, ng'onda, João, Moçambique. Andika pembeni namba za Unicode unazozitarajia, kisha linganisha namba, siyo sura. Endesha jaribio kwenye kila mashine ambayo faili litapita, hasa kontena za Alpine, na soma namba ambayo iconv inarudisha. Mimi TRANSLIT nimeiacha kabisa. Data inabaki UTF-8, na ritifaa zote nazigeuza kuwa 0027 kwa jedwali nililoandika mwenyewe, mistari minne tu. Majina ya watu siyagusi. João abaki João.

Baada ya hapo nikahesabu upya kutoka mafaili ya asili. Ng'amba wamerudi kuwa spishi moja, na safu yao kwenye grafu sasa inaonekana bila kuvuta miwani.